Mikono Baridi ya Émérence

Mama Alphonsine alimkataa Émérence kwa sababu ya mkono. Tuseme ukweli, sababu nyingine zilikuwapo: msichana alikuwa na masomo mengi, alikuwa mrefu kumpita Symphorien akivaa viatu vya kisigino, na hakuwa mtu wa kuchekacheka na watu asiowajua. Hayo yote mama angeyameza. Mkono ndio uliomshinda. Siku ya Pasaka, baada ya misa, Symphorien alimleta mpenzi wake mbele ya mama yake pale nje ya kanisa. Émérence akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa, akatoa mkono. Mama Alphonsine aliushika, akauachia upesi, akapangusa vidole kwenye kikwembe chake, kitenge kipya cha sikukuu.

Nyumbani alimwambia mwanawe maneno machache tu. "Ule mukono ni ya muntu aliyekufa. Minye sitaingiza mukono ya vile mu nyumba yangu."

Symphorien alieleza kwamba asubuhi ile, kabla ya misa, Émérence alikuwa amepitia kazini kwake Panda, kwenye kambi ya kampuni ya shaba, kupanga barafu, na kwamba mtu akishika barafu mikono hupoa, hata mikono ya askofu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza ni kazi gani hiyo ya msichana kushinda ndani ya barafu kama samaki, na Symphorien, aliyekuwa fundi umeme na si mwalimu, alieleza vibaya.

Basi tueleze sisi. Émérence alikuwa mwaka wake wa mwisho katika chuo kikuu cha Lubumbashi, na utafiti wake aliufanyia nyumbani Likasi kwa sababu ua lake huota huku. Kwenye vilima vyenye shaba, mahali ambapo mahindi hayakubali na miti inakataa, huota majani mafupi yenye ua dogo la buluu. Wazee wa Katanga walilijua tangu zamani: waliliona ua, wakachimba. Émérence hakutaka kuchimba. Alitaka kujua ua lile linakunywa shaba namna gani bila kufa. Aliamini kwamba ndani ya seli za majani yake mna protini moja inayoikamata shaba na kuituliza, na kazi yake ilikuwa kuzivunja seli, kutoa protini zote zilizomo, halafu kuzitenga na kuzisafisha mpaka ibaki ile moja.

Ubaya ni kwamba protini ikitoka kwenye seli yake ni kama ute wa yai. Ukiipasha joto inaganda, na hakuna wa kuirudisha ilivyokuwa. Ndiyo maana kila kitu kilifanyika kwenye baridi: kinu cha kupondea majani kilikaa kwenye barafu, maji ya kukamulia yalikaa kwenye barafu, na Émérence mwenyewe alikaa katika chumba cha zamani cha nyama cha kantini ya kambi, chenye mlango mnene kama godoro. Mota ya baridi ilikuwa imekufa. Symphorien ndiye aliyeitwa kuitazama, akaifungua, akaifunga, akamwambia dada aliyesimama pale na koti jeupe kwamba ile haifufuki. Kesho yake alirudi kwa baiskeli na vipande vya barafu kutoka depo ya samaki, amevifunga kwa magunia na unga wa mbao. Hakuna aliyemtuma. Mapenzi yao yalianzia hapo, katika chumba ambacho wanawake wa kambi walikiita mochari.

Ua la shaba huchanua mara moja kwa mwaka, mvua inapoisha. Mwaka wa kwanza majani yalimgeukia kahawia kabla hajamaliza kuyakamua. Mwaka huu fungu la kwanza liliharibika kwa povu. Lilibaki kapu moja. Na profesa wake, mtu pekee pale chuoni aliyeielewa kazi ile, alikuwa anarudi kwao Ubelgiji mwisho wa masomo. Kapu lile likiharibika, diploma nayo imekwenda. Émérence aliyajua hayo, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyamaza, hakuna aliyejua ni kiasi gani yalimnyima usingizi.

Alilichukua kapu lile Jumamosi, siku ambayo wakemia wa kampuni hawafanyi kazi na mashine ya kuzungushia inakuwa wazi. Asubuhi alikwisha kuponda, akakamua kwa kitambaa cha bandeji, akazungusha makapi yakaenda chini. Ikabaki bilauri kubwa ya maji safi, ya rangi ya chai nyepesi. Aliiweka kwenye beseni la barafu, akaanza kutia chumvi ya amonia. Chumvi ile ikizidi ndani ya maji, protini zinaanza kujitoa zenyewe, zinaonekana kama wingu. Lakini hutiwa chembechembe, mkono mmoja unatia, wa pili unakoroga kwa kijiti cha kioo, polepole, saa nzima na zaidi. Ukiharakisha, povu. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza Symphorien aliposukuma mlango na gunia lake la barafu.

Aliliweka chini. Hakuketi. "Balisema ni leo," alisema.

"Bani?"

"Ba famille. Baba mudogo Damas anapanda train ya Kamina kesho asubuhi. Basi hatuendi tena kesho kwenu. Tunaenda leo, kiisha kula."

Émérence alitia chembe, akakoroga. Ugeni wenyewe ulikuwa umepangwa wiki nyingi: upande wa mwanaume waje nyumbani kwa baba yake, wabishe hodi rasmi. Damas, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Symphorien, ndiye aliyekuwa kinywa cha ukoo. Angemimina munkoyo, togwa ya mahindi, kwenye kopo, angempa binti mbele ya watu wote, na binti angeulizwa kama anawajua wageni hawa. Akimpelekea baba yake kopo anywe, amekubali. Akiliweka chini, amekataa. Na asipokuwapo, hakuna haja hata ya kumimina.

"Bakuye kesho bila Damas," alisema.

"Nani atasema? Minye? Damas anabakia Kamina mpaka Noël, mwisho wa mwaka. Na Mama alisema hivi: binti akikosekana, kopo inarudia, na yeye harudie tena mara ya pili."

"Mama yako anajua Jumamosi ni siku yangu ya kazi."

Symphorien alitazama viatu vyake. Émérence akaelewa kwamba treni ya Damas ilikuwa ya kweli, lakini kulikuwa na mtu aliyeifurahia.

Alimwambia kwa sauti ileile, bila kuacha kukoroga, kwamba hawezi kutoka. Maji yale yakikaa bila mkono yataanza kugeuka, na hakuna kapu lingine mpaka mvua za mwaka kesho ziishe. Symphorien alisema anajua. Alisema amebeba barafu ya maji yale miezi mingi, hakuna mtu Likasi anayejua kama yeye. Kisha akasogea mpaka beseni likawa kati yao.

"Nikuulize kitu moja. Kati ya ile maji na minye..."

"Usiulize vile."

"Nauliza."

"Ukiniuliza vile nitakujibu vibaya, kiisha nitajuta." Sasa aliinua uso. Macho yake yalikuwa makavu, lakini kidevu kilikuwa kinamcheza, na Symphorien hakuwahi kukiona kikicheza. "Ninakupenda. Weye unajua. Sijui kusema tena na tena kama benzangu. Lakini sitaki bwana anaeniweka pa mizani."

Aliyekuwa na haki ni nani? Wote wawili, na hilo ndilo lililoumiza. Symphorien alitazama kile kidevu, akatazama mkono mwembamba wa Émérence, vidole vimekuwa vyeupe kwenye kucha, bado vinazungusha kijiti kana kwamba si vyake. Alivua saa yake akaitia mfukoni. Akakunja mikono ya shati, shati jeupe alilokuwa amepiga pasi kwa ajili ya jioni ile, akaenda kunawa.

"Nifundishe," alisema.

"Symphorien."

"Mwanaume haulizwi kitu pale. Damas anasema, binti anajibu. Minye ningekaa tu pa kiti. Basi nikae huku."

Alimfundisha. Chembe kiasi hiki, kama chumvi ya kuonja. Koroga mpaka chembe zote zipotee, ndipo utie nyingine. Kijiti kisipige kioo. Usitoe mkono kwenye baridi ukaupashe, kwa sababu utarudi na joto lako. Ukiona povu, acha, subiri lilale. Mlango usifunguliwe. Symphorien alishika kijiti, na kwa kitambo walikishika wote wawili, wakikoroga kwa mwendo mmoja, mpaka Émérence alipoona kwamba mkono wa fundi umetulia, akauondoa wake. Alivua koti jeupe akamvika mabegani. Hakusema ahsante. Alimgusa shingoni kwa vidole vyake vya barafu, na Symphorien akaruka kidogo, wakacheka, mara moja tu, kisha Émérence akatoka na kufunga mlango.

Kwao hapakuwa mbali, nyumba ya tatu kutoka kisima cha zamani cha kambi. Tantine Georgette, dada wa marehemu mama yake, alimpokea mlangoni na maneno mengi, akamsukuma bafuni, akamfunga kikwembe, akamsugua mikono kwa mafuta ya mawese ya moto kana kwamba anamkanda mtoto mchanga. Aliisugua kwa nguvu na kwa hasira. Likasi nzima ilikuwa inajua habari ya ule mkono wa Pasaka.

Wageni walifika wamependeza. Damas mbele na fimbo yake, nyuma wanaukoo wachache, na Mama Alphonsine katikati, kitambaa kichwani kimefungwa juu kama mnara. Baba Théodore, mzee aliyestaafu kazi ya tanuru na masikio yake kubaki hukohuko, aliwakaribisha kwa sauti kubwa kuliko iliyohitajika. Walikaa. Walisalimiana kwa mzunguko. Émérence alipofika kwa Mama Alphonsine, mama aliutazama mkono kwanza, akaushika, akaukuta una joto. Ilionekana kama amekosa alichokitafuta. Halafu akahesabu viti kwa macho.

"Symphorien iko wapi?"

Damas alianza kusema kwamba vijana wa siku hizi huchelewa. Émérence angeweza kunyamaza na kuacha uongo ule mdogo upite, lakini hakuwa na kipaji hicho.

"Iko Panda, Mama. Anachunga kazi yangu. Haiwezi kubakia peke yake."

"Anachunga namna gani?"

"Anakoroga."

Neno lile lilitua vibaya sana. Mjomba mmoja alikohoa. Mama Alphonsine alirudia neno lenyewe taratibu, kama mtu anayesoma tangazo la msiba: mutoto yake mwanaume, siku ya kumulombea muke, anakoroga chungu ya muke. Hakupaza sauti. Alisimama, akaweka sawa kikwembe chake, akamwambia Damas kwamba anaenda kumtoa mtoto wake mochari. Akatoka, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

Sasa kilichofuata ni kusubiri. Damas alikuwa mtu wa taratibu, akasema hawezi kumimina kopo mama wa bwana akiwa nje. Baba Théodore akauliza amesema nini, akaambiwa, akatikisa kichwa. Georgette alileta karanga. Watu wakazungumzia nauli za reli na mvua iliyokwisha. Jua liliingia mlangoni, likafika kwenye miguu ya kiti, likaanza kupanda.

Émérence alikaa mikono mapajani. Aliona kila kitu kwa akili, kwa mpangilio, kama alivyozoea kuona: mlango mnene unasukumwa, joto la nje linaingia, mama anamshika mwanawe begani, kijiti kinawekwa. Barafu ilikuwa chache pia. Alikuwa amepiga hesabu ya mlango uliofungwa. Maji yangeanza kuchafuka pembeni, kisha rangi ya kahawia, halafu basi. Alijua kwamba akiinuka sasa hivi na kukimbia, huenda akawahi kitu. Alijua vilevile kwamba akiinuka, Damas atachukua fimbo yake, na hapo amempoteza Symphorien, bila kosa la Symphorien mwenyewe. Alikuwa amemwachia kazi yake yote mikononi. Symphorien naye alimwachia hili moja tu la kufanya hapa.

Kwa mara ya kwanza katika miaka miwili aliyafikiria yale maji kama kitu kilichokwisha potea. Iliuma, iliuma hasa. Na baada ya kuuma alikuta bado anataka kukaa.

"Baba Damas," alisema, "munimiminie kopo."

Binti haombi kopo, anapewa. Georgette aliziba mdomo kwa ncha ya kikwembe. Damas, mzee mwenye macho mekundu na heshima zake, akasema kwamba desturi inataka mama wa bwana awepo.

"Desturi inataka binti aulizwe," alisema Émérence. "Minye niko. Muniulize."

Baba Théodore, ambaye hakuna aliyejua kama amesikia, alipiga goti lake kwa kiganja na kusema kwa ile sauti yake ya tanuru kwamba ana kiu tangu walipoketi. Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata, na Damas, akipangusa macho, akainamia kibuyu. Alimimina. Alimuuliza binti mbele ya wote kama anawajua wageni hawa. Émérence akasema anawajua. Damas akauliza kama munkoyo huu unywewe. Akasema unywewe. Akalibeba kopo kwa mikono miwili, akapiga magoti, akampa baba yake, na mzee akanywa nusu. Nusu nyingine kwa desturi ni ya bwana mwenyewe. Émérence alilifunika kopo kwa sahani, akaomba ruhusa, akatoka nalo.

Alitembea. Huwezi kukimbia na kopo la munkoyo. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walimuuliza anaenda wapi na uzuri wote ule, akawajibu kwa kichwa. Nje ya kantini hakuikuta baiskeli ya Symphorien. Basi mama amemchukua kweli. Alisimama mbele ya mlango mnene kwa kitambo, akijiambia kwamba kuona ni lazima, kwamba beseni halijisafishi lenyewe. Akausukuma kwa bega.

Mama Alphonsine alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, koti jeupe la maabara juu ya kikwembe cha wageni. Kile kitambaa chake cha kichwani kilikuwa kimefunguliwa na kuzungushwa beseni, kuzuia baridi isitoke. Barafu ilikuwa imebaki vipande vinavyoelea. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye kikopo cha chumvi, wa kulia kwenye kijiti, na alikuwa anakoroga polepole, midomo imekazwa, bila kuinua macho. Ndani ya bilauri maji hayakuwa tena rangi ya chai. Yalikuwa yamejaa wingu jeupe, zito, tulivu, kama maji ya kuoshea mchele.

Émérence alisimama mlangoni na kopo lake.

"Glace iliisha," alisema mama, akionyesha ile barafu kwa kidevu. "Symphorien alitaka kuenda kuitafuta, alitaka tena kubakia. Analia, mutoto wa miaka yote ile. Nikamuambia toka, nenda, nipe ile kijiti." Akatia chembe, akatazama mpaka ikapotea. "Povu kidogo ilikuya pale mwanzo. Ile ilikuwa yake. Haikuwa yangu."

"Ndiyo, Mama."

"Hii nyeupe ni nini? Niliiharibisha?"

"Hapana, Mama. Ndiyo yenyewe. Ndiyo niliyokuwa natafuta." Sauti ilimkatika hapo, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakatoka bila kuomba ruhusa.

Mama Alphonsine aliyaona, akayaacha yapite. Alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe kwenye kijiti, vidole vimekuwa vyeupe kwenye kucha, vigumu, havikunjiki. Aliutazama kwa muda, kama mtu aliyewahi kuuona mahali. Halafu macho yake yakafika kwenye kopo, kwenye sahani iliyolifunika, na kwenye mikono iliyolishika.

"Baba yako alikunywa?"

"Alikunywa, Mama."

Mama alitia chembe nyingine ya chumvi, akakoroga.

"Basi ingia, mutoto yangu, ufunge mulango," alisema. "Baridi inatoka."